Hoja Hufungwa kwa Barua, Zahanati Hubaki na Muuguzi Mmoja

Mwezi wa saba mwaka jana nilimsindikiza mama yangu kwenye zahanati ya kijiji chetu, iliyo mwendo wa saa moja na nusu kwa bodaboda kutoka makao makuu ya wilaya, ili akapimwe shinikizo la damu. Jengo lenyewe ni zuri: bati la bluu, sakafu ya vigae, na chumba cha kujifungulia chenye kitanda ambacho nailoni yake ya dukani ilikuwa haijabanduliwa. Muuguzi alimwamkia mama kwa heshima, akamwambia, "Bibi, nivumilie kidogo, leo niko peke yangu." Mama yangu, ambaye hana tabia ya kuacha neno lipite, akamuuliza jana alikuwa na nani. Muuguzi akacheka, hakujibu.

Tukiwa tunasubiri, kitabu cha MTUHA, kile cha kumbukumbu za wagonjwa na huduma walizopewa, kilikuwa wazi mezani. Majina ya wagonjwa sikuyasoma, maana hayanihusu, lakini mwandiko nilishindwa kutouona. Ulikuwa mmoja, ukurasa hadi ukurasa, na mahali fulani tarehe iliruka kutoka 11 hadi 16. Nilipouliza, niliambiwa kuwa siku zile alikuwa wilayani, amekwenda kufuata chanjo na kuhudhuria mafunzo, na mlango ulifungwa.

Mwongozo wa ikama, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa katika kila kituo, uliotolewa nchini Tanzania mwaka 2014 ulitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15, kituo cha afya wasiopungua 39, na hospitali ya wilaya wasiopungua 200. Hata tukikubali kwamba viwango hivyo viliwekwa kwa matumaini makubwa kuliko uwezo wa Hazina, panapotakiwa watu 15 akakutwa mmoja, neno "upungufu" linakuwa la upole mno.

Sisemi kwamba Serikali haijafanya kitu. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule wa MMAM ulioanza mwaka 2007, uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na majengo mengi yameinuka. Katika mwaka wa fedha 2018/19 pekee zilitengwa shilingi bilioni 105 za kuanza ujenzi wa hospitali za wilaya 67. Jengo lina sifa moja ambayo muuguzi hana: lina siku ya kuzinduliwa, lina utepe, na diwani anaweza kupiga picha mbele yake. Mshahara wa mkunga hauna utepe, tena unadaiwa kila mwezi kwa miaka thelathini na zaidi.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama, kwenye usimamizi. Wengi hudhani hali hii inatokana na wakaguzi kutoona. Wanaona. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikieleza, mwaka baada ya mwaka, upungufu wa watumishi katika halmashauri na majengo yaliyokamilika ambayo hayatumiki. Tatizo ni anayeulizwa. Hoja ya ukaguzi, yaani dosari ambayo mkaguzi anataka ijibiwe, huelekezwa kwa afisa masuuli, mwenye dhamana ya matumizi ya fedha za umma, ambaye katika halmashauri ni mkurugenzi. Mkurugenzi naye hujibu kwa ukweli mtupu kwamba ameshaandika barua ya kuomba kibali cha ajira, na nakala ya barua ameiambatisha. Kibali hutolewa na Ofisi ya Rais, Utumishi. Fedha za mshahara ziko Hazina. Zahanati yenyewe iko chini ya TAMISEMI, inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Na viwango vya taaluma huwekwa na Wizara ya Afya. Mkurugenzi akishaonyesha barua, umtake nini zaidi? Hoja inafungwa, au inabaki "utekelezaji unaendelea" hadi mwakani, ambapo barua nyingine itaandikwa.

Bungeni mwanya huo unapanuka. Wakurugenzi huitwa mbele ya Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, wakati wizara huhojiwa na Kamati ya Hesabu za Serikali. Kwa hiyo asiye na mamlaka ya kuajiri ndiye anayeulizwa kuhusu zahanati, na wenye mamlaka hayo huulizwa katika chumba kingine, kuhusu mambo mengine. Nimewahi kumsikia mkurugenzi mmoja mstaafu akisema kwamba katika miaka yake yote ya kazi hakuna hoja aliyoiogopa kidogo kama ya upungufu wa watumishi.

Uamuzi unaozipunguzia zahanati watu, kwa upande mwingine, hufanyika kwa siku moja na kutekelezwa nchi nzima. Miaka ya tisini, wakati wa marekebisho ya uchumi, ajira za sekta ya umma zilibanwa, na pengo lililoachwa katika kada za afya lilichukua miaka mingi kuzibwa. Juni 2016 ajira mpya zilisitishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Aprili 2017 ilisomwa orodha ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa, na zahanati zilizokuwa na watu wawili zikajikuta hazina hata mmoja. Sitetei vyeti feki, na mgonjwa ana haki ya kutibiwa na mtu aliyesomea kazi yake. Ninachouliza ni kwa nini agizo la kuondoa halikutoka siku moja na mpango wa kuziba.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba watu wapo. Vyuo vya afya vimeongezeka, vya Serikali na vya binafsi, na kila mwaka vinatoa maafisa tabibu, wauguzi na wateknolojia wa maabara ambao wengi wao hubaki nyumbani, au huenda "kujitolea" katika kituo cha afya kwa nauli ya bodaboda wakisubiri tangazo la ajira. Akipatikana anayeajiriwa na kupangwa kijijini, hukuta hakuna nyumba ya mtumishi, na miaka miwili haiishi kabla hajaomba uhamisho wa kumfuata mwenza. Akihama, nafasi yake haijazwi hadi kipatikane kibali cha ajira mbadala, na safari ya barua inaanza upya.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, nami naiunga mkono. Lakini kadi ya bima hulipa huduma iliyotolewa. Kituo chenye mtu mmoja huona wagonjwa wachache, na anayechoka kuandika hujaza fomu za madai nusunusu, zikakataliwa. Mapato yakishuka, kituo hakiwezi hata kumlipa mtumishi wa mkataba wa muda ambaye angepunguza foleni. Kwa njia hiyo wenye watu wengi watazidi kulipwa, na zahanati kama yetu zitazidi kukauka, bila mtu yeyote kuiba hata senti.

Ningependa hoja ya watumishi iulizwe kwa pamoja, Utumishi, Hazina, TAMISEMI na Wizara ya Afya wakiwa meza moja mbele ya kamati zote mbili, na kila mmoja aseme barua ya halmashauri ilikaa kwake siku ngapi. Ningependa pia kibali cha kujenga kisitolewe mpaka ionekane bajeti ya mishahara ya watakaofanya kazi humo. Na pale ukutani, yanapobandikwa mapato na dawa zilizopokelewa, ibandikwe ikama: wanaotakiwa wangapi, waliopo wangapi, aliyehama lini. Mwenyekiti wa kamati ya zahanati yetu, mzee anayejua bei ya kila mfuko wa saruji uliojenga lile jengo, aliniambia kwamba idadi ya watumishi hajawahi kuulizwa na mgeni yeyote wa Serikali.

Mama alipimwa saa nane mchana, akapewa vidonge vya wiki mbili kwa kuwa vya mwezi havikuwepo. Mkaguzi akifika kijijini kwetu, namwomba kabla hajadai stakabadhi za saruji afungue kile kitabu cha MTUHA, ahesabu miandiko iliyomo, kisha aulize wagonjwa walikwenda wapi zile siku nne kati ya tarehe 11 na 16.