Likizo ya Mferejini

Nilipompigia mama simu Kisumu kumwambia kwamba likizo ya Agosti tungeenda kukaa kwenye mfereji, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mfereji gani? Wa kuchotea maji?"

Wakenya wenzangu mnanielewa. Kwetu mfereji ni ule wa uani, wenye foleni ya mitungi na ugomvi wa asubuhi. Nikaanza kumweleza: huku Uingereza kuna njia za maji zilizochimbwa kwa sepetu zaidi ya miaka 200 iliyopita, ili mashua zibebe makaa ya mawe hadi viwandani. Farasi alitembea ukingoni akivuta mashua kwa kamba. Siku hizi makaa hayapo, mashua zimetiwa vitanda na jiko, na watu hulipa kulala humo wiki nzima.

"Kwa hivyo mnalipa kulala kwenye mtaro," mama akasema.

Sikuwa na jibu. Nilipofika Wolverhampton kuanza kazi ya unesi, mimi pia niliuona mfereji ule karibu na stesheni nikadhani ni mtaro. Maji meusi, chupa, bata wawili.

Mimi ni mtoto wa Makasembo, mtaa wa Kisumu. Baba alikuwa karani wa reli, na kutoka kwetu hadi ziwani ni mwendo wa miguu. Lakini hadi naondoka Kenya nikiwa na miaka 29, nilikuwa nimepanda mashua mara moja tu, na kuogelea sikujua kabisa. Ziwani tulienda kula samaki. Jumapili, ufuoni Lwang'ni, baba ameagiza ngege mzima wa kukaanga, sisi tunanawa mikono, na nyuma yetu vijana wameingiza matatu majini wanaiosha. Ziwa la utotoni mwangu ni hilo: tumeligeuzia mgongo, tunachambua miiba.

Sisi tulio ng'ambo tukilinganisha huku na nyumbani hukimbilia barabara, hospitali na mshahara. Hayo yamesemwa hadi yamechosha. Mimi kilichonigusa ni kwamba huku mtu wa kawaida, asiye baharia wala tajiri, hukabidhiwa maji na kuambiwa: haya, nenda, ila kwanza nikuonyeshe mambo yanayoua.

Wazo lilitoka kwa mwenzangu wa wodini. Bei ilinitoa jasho, zaidi ya pauni 1,000 kwa wiki kabla hata ya dizeli, kwa hiyo tukagawana na familia ya rafiki zetu kutoka Kakamega. Mashua yenyewe ni kichekesho. Urefu wake kama mita 18, upana mita mbili tu. Chukua matatu tatu uzifunge mkia kwa mdomo, uingize watu saba. Wembamba huo una sababu: malango mengi ya mifereji hii (vyumba vya mawe vya kupandishia na kushushia mashua) yalijengwa karne ya 18 kwa kipimo cha futi saba hivi, na tangu hapo mashua ndiyo inayolifuata lango.

Kuhusu mizigo, sikilizeni aliyekosea. Msibebe sanduku gumu, halina pa kukaa. Begi laini linakunjwa na kusukumwa chini ya kitanda. Bebeni viatu visivyoteleza, koti la mvua (Agosti ya Uingereza hunyesha kama Kericho), tochi, na glavu za kushikia kamba. Sisi tuliongeza unga kilo tano, sukuma na mfuko wa omena. Unga na sukuma, sawa. Omena, hapana. Nilizikaanga Jumatatu jioni madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya mvua, na hadi Alhamisi mito ya kulalia ilikuwa bado inanukia ufuo wa Dunga. Watoto walilalamika. Mimi nililala vizuri sana.

Kuendesha hakuhitaji leseni. Mtu mmoja mwenye mikono ya grisi alitufundisha kwa muda wa kama saa nzima. Mkono wa usukani uko nyuma: ukiusukuma kulia, mashua inakwenda kushoto. Mkikutana na mashua nyingine, kaeni upande wa kulia. Hapo mume wangu alipata taabu, maana huku na Kenya pia barabarani ni kushoto, na kila akiona mashua inakuja mkono wake ulitaka kwenda ulikozoea. Mwendo hauruhusiwi kuzidi maili nne kwa saa, yaani kilomita sita na kitu, na ukipita zilizofungwa ukingoni unapunguza zaidi zisije zikang'oa vigingi. Siku ya kwanza mzee mmoja na mbwa wake walitupita kwa miguu. Alitupungia mkono. Mbwa hakutuangalia.

Tulianzia karibu na Ellesmere kuelekea Llangollen, kule Wales. Njia hiyo ina malango mawili tu, mahali panapoitwa New Marton, na hayo yalitosha kunifundisha. Mfereji haupandi kilima kama barabara. Hupanda kwa ngazi. Unaingiza mashua kwenye chumba cha mawe, unafunga lango nyuma yako, kisha unazungusha spana ya chuma kufungua vijilango vya upande wa mbele, vilivyo chini ya maji. Maji yanaingia, mashua inainuka taratibu. Maji ya ndani na ya mbele yakilingana, lango linafunguka kwa kusukuma boriti kwa makalio. Ukijaribu kabla hayajalingana, hata mje watu ishirini halitikisiki. Hakuna injini wala umeme, ni uzito wa maji na mwili wa binadamu.

Hatari iko wakati wa kushuka. Chini ya lango la juu kuna kizingiti cha mawe, kimefichwa na maji. Maji yakipungua huku nyuma ya mashua iko juu ya kizingiti, itaning'inia pale wakati mbele inaendelea kushuka, na humalizikia kuzama. Kuna mstari mweupe ukutani kuonyesha kizingiti kinaishia wapi. Yule fundi wa grisi alirudia jambo hilo mara tatu, akatuambia tulirudie nasi, na binti yangu wa miaka tisa alipewa kazi moja tu wakati wa kurudi: kusimama juu na kutazama mstari mweupe. Aliifanya kwa sauti ambayo Llangollen nzima iliisikia.

Siku ya tatu tulipita daraja la Pontcysyllte. Jina hilo sijaweza kulitamka hadi leo. Lilifunguliwa 1805, kazi ya wahandisi Thomas Telford na William Jessop: karai refu la chuma lenye maji, limebebwa na nguzo za mawe mita 38 juu ya mto, urefu mita 307. Upande mmoja kuna njia ya miguu yenye vyuma vya kujishikilia. Upande mwingine hakuna chochote. Ukingo wa karai unaishia sentimita chache juu ya maji, halafu ni hewa. Mume wangu, aliyekuwa ameshika usukani kwa mbwembwe tangu asubuhi, alimkabidhi rafiki yetu akaingia ndani kupika chai ambayo hakuna aliyeiomba. (Ya kumwaga kaseti ya choo, ambayo ni kazi ya kila siku mbili, siandiki. Tulipiga kura, akashindwa yeye tena.)

Mfereji huo wenyewe nusura ufe. Reli ndiyo iliyoiua mifereji mingi ya huku. Ilibeba makaa mengi zaidi na kwa haraka zaidi. Sheria ya 1944 iliruhusu huu wa Llangollen uachwe kabisa, ukaponea kwa kuwa ulipeleka maji kwenye bwawa la Hurleston. Mahali pengine mifereji ilijaa matope na baiskeli mbovu hadi raia walipoanza kudai. Chama chao kiliundwa 1946, na wengine wakaingia kwenye matope wenyewe na majembe wikendi baada ya wikendi. Nilimsimulia baba hayo akacheka. Kisumu ilikuwa kinyume: reli ndiyo iliyoleta meli. Ilifika 1901, mji ukaitwa Port Florence, na meli za mwanzo zililetwa vipandevipande kutoka Uingereza zikaungwa papo hapo ukingoni. Reli ilipougua, meli nazo zikalala. Ile Uhuru, iliyobeba mabehewa mgongoni, ilikaa miaka na miaka gatini kabla ya kurudi kazini 2019. Baba huihesabu kama mtu anayehesabu ndugu waliorudi.

Desemba iliyofuata tulikwenda nyumbani, na watoto, wakijiona manahodha, wakataka mashua. Tukaenda ufuo mmoja, sitautaja. Tulikuwa saba, majaketi ya kuokolea yalikuwa matatu. Kijana wa mashua, mpole kabisa, aliwapa watoto mawili, la tatu akanipa mimi. Mama yangu, mwenye miaka 68, akaachwa hivihivi. Nikamuuliza.

"Mama huyu ni mwenyeji," akasema, kana kwamba ziwa huuliza kitambulisho.

Nilivua langu nikamvika mama. Alikataa, nikamvika tena. "Twendeni jameni," akasema, "kiboko hatungojei." Na ni kweli, tuliwaona, wanne, masikio yakichezacheza juu ya maji, na binti yangu akanishika mkono hadi ukauma. Hakuna mfereji wa Uingereza utakaokupa kitu kama hicho. Huku kubwa tuliloliona ni bata bukini mwenye hasira.

Katikati ya safari gugu maji likajisokota kwenye rafadha. Kijana akaizima injini, akaiinua, akakata kwa panga, tukaendelea. Nilijikuta natabasamu, kwa sababu Agosti ileile, karibu na Chirk, rafadha yetu ilikamatwa na suruali ya mtu. Kule unazima injini, unafungua kifuniko nyuma, unaingiza mkono kwenye maji baridi hadi begani. Kazi ni ileile na matusi ni yaleyale.

Halafu kama saa saba mchana akaangalia upande wa magharibi, akasema turudi sasa. Mimi sikuona kitu. Mbingu ilikuwa safi. Saa nane tukiwa tumekaa chini ya mti na sahani za samaki, ziwa lilikuwa limejaa povu na mitumbwi iliyochelewa ikipanda na kushuka. Yule kijana ana elimu ambayo fundi wa grisi hana na hataihitaji, maana mfereji wake una kina cha kama mita moja, ukianguka, unasimama. Ziwa letu lina kilomita za mraba 68,800. Kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba nataka Kisumu tukodishe mashua kwa kila anayeshuka basi. Kujua upepo anajua. Majaketi manne yaliyokosekana ndiyo ninayoyasema, na ile imani kwamba mwenyeji hayahitaji. Wavuvi wanaozama ni akina nani kama si wenyeji?

Na kuogelea. Wanangu walipelekwa bwawani na shule ya msingi ya serikali, kwa sababu mtaala wa Uingereza unataka mtoto akimaliza shule hiyo awe anaweza kuogelea mita 25. Sharti hilo ni la mtoto yeyote, hata wa mji usio na ziwa wala bahari. Mimi niliyelelewa ukingoni mwa ziwa kubwa kuliko yote Afrika nilijifunza nikiwa na miaka 37, kwenye bwawa la manispaa, nikiwa nimevaa kofia ya mpira, mwanangu wa kiume akinisimamia na kusema, "Mama, piga teke!" Kisumu ya utotoni mwangu bwawa lilikuwa la hotelini, na mlangoni kulikuwa na askari na bei. Tulifundishwa jambo moja tu kuhusu maji: usiende. Sina lawama kwa mama, alikuwa anatulinda kwa alichokuwa nacho. Lakini onyo lile, peke yake, liliwaachia maji wale wasio na chaguo lingine.

Agosti ijayo tunarudi. Mpango ni kupanda feri Luanda K'Otieno hadi Mbita, kisha mashua ya injini hadi Takawiri, tukalale siku mbili kwenye ule mchanga mweupe ambao nusu ya marafiki zangu wa Kisumu wanaujua kwa picha tu. Nimenunua majaketi matano. Nitakayoyaacha nitamwachia yule kijana nikimpata. Kila mzigo ni kilo 23, na mama alikuwa ameagiza blenda, kwa hiyo tumejadiliana kwenye simu wiki mbili. Juzi nilimtumia picha ya jaketi lake, la rangi ya machungwa lenye mistari inayong'aa.

"Sasa hilo," akasema, "si watu wataniita niwabebe hadi Kondele?"