Kufuli la Mlango wa Nyuma

Mdogo wangu anafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha mikate Industrial Area. Huingia saa mbili usiku na kutoka alfajiri, unga umemjaa hadi kwenye kope. Asubuhi moja tukinywa chai aliniambia, kama jambo la kawaida tu, kwamba zamu ikianza mlango wa nyuma hutiwa kufuli na ufunguo hukaa na mlinzi getini. Mwenye mali anaogopa kuibiwa unga. Mlango wa mbele, huo ulio wazi, umepakana na tanuri. Nikamuuliza: moto ukianzia kwenye tanuri, mnatokea wapi? Akanyamaza, akachovya mkate.

Kilichoninyima usingizi ni kwamba ukutani mle, ndani ya fremu ya kioo, kuna cheti cha zimamoto cha mwaka huu. Basi kuna afisa aliyefika, akazunguka, akaandika. Aliandika nini kuhusu mlango ule?

Nairobi tumezoea kutundikiwa vyeti. Ukiingia hotelini utaona kibali cha biashara na cheti cha afya, vyote vina muhuri. Lakini cheti hakikuambii afisa aliona nini, alikemea nini, na alitaka kitu gani kirekebishwe kabla ya tarehe gani. Hayo yamo kwenye ripoti ya ukaguzi, na ripoti huishia kabatini. Naamini kwa moyo wote kwamba watu wa kwanza kustahili kuisoma ripoti hiyo ni wale wanaoshinda au kukesha ndani ya jengo lililokaguliwa.

Na sheria iko upande wetu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 ikaeleza njia. Unaandika ombi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Hulipi chochote kwa kuomba, ila gharama halisi ya kutoa nakala. Ofisi ina siku 21 za kukujibu, na habari ikihusu uhai wa mtu, saa 48. Tena neno ni raia. Si lazima uwe mfanyakazi wa pale. Ndiyo maana niliandika mimi: mdogo wangu ni kibarua, na kibarua akiuliza maswali kesho yake anaambiwa hakuna kazi. Dada yake hawezi kufutwa.

Niliandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Nilitaja jengo, barabara, na nikaomba nakala ya ripoti ya ukaguzi wa moto iliyotangulia cheti kile, pamoja na barua zozote za kumtaka mwenye kiwanda arekebishe kitu. Nikapeleka kwa mkono ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja.

Kijana wa kaunta aliisoma mara mbili. “Mama, umetumwa na nani?” Nikamwambia sijatumwa. “Basi unaitakia nini?” Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, maana sheria inasema sababu zako za kuomba haziwezi kukupunguzia haki ya kupewa. Nikamwonyesha. Akasema barua za Kiswahili hazipokelewi. Nikamwonyesha na hapo. Akaingia ndani, akakaa, akarudi na mwenzake mtu mzima aliyenisalimu vizuri, akagonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu na kuandika tarehe kwa mkono. Usiondoke bila muhuri huo. Siku zako 21 zinahesabiwa kuanzia hapo, na bila huo barua yako haikuwahi kufika.

Ujue pia unabisha mlango upi. Zimamoto, afya ya vyakula na vibali vya biashara ni kazi za kaunti. Mashine, hewa chafu ya kiwandani na ajali za kazini ziko chini ya Wizara ya Leba, katika kurugenzi ya usalama na afya kazini, DOSHS. Watu huzungushwa hapo mpaka wanachoka: kaunti yasema wizara, wizara yasema kaunti. Usikubali. Afisa akiona faili liko kwingine, sheria inampa siku 5 za kulihamishia ombi lako huko.

Niliitwa siku ya 19. Nilikuwa nimeandika waziwazi kwamba jambo linahusu uhai, lakini saa 48 zilipita kimya, na hilo bado linaniuma. Nakala ilikuwa kurasa mbili. Nilisimama kwenye ngazi nikasoma, na kwenye sehemu ya njia za kutokea, kwa kalamu ya buluu, afisa alikuwa ameandika: mlango wa nyuma usifungwe kwa kufuli wakati wa kazi. Ripoti ilikuwa na miezi saba. Afisa yule alifanya kazi yake. Aliona. Kisha maneno yake yakalala kabatini, cheti kikatolewa, na vijana wakaendelea kufungiwa kila usiku bila kujua kwamba serikali ilikwisha kuwatetea kwenye karatasi.

Hapo ndipo hunijia Embakasi, hapa hapa Nairobi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka mtaa wa Mradi, nyumba zikateketea watu wakiwa wamelala. Kulipokucha mamlaka ya nishati, EPRA, ikatangaza kwamba maombi ya kibali cha kituo kile cha kujazia gesi yalikataliwa mara tatu mwaka 2023, moja ya sababu ikiwa wingi wa watu waliokaa karibu. Waliokaa karibu wangeambiwa hivyo mapema, wangekuwa na la kufanya.

Wenye biashara husema ripoti zikitoka siri zao zitavuja. Kipimo cha hamira na bei ya unga ni siri yao, wafunike. Mlango hauwezi kuwa siri ya biashara. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yenyewe inakataza kufunga mlango kwa namna ambayo aliye ndani hawezi kuufungua upesi. Ningependa kila fremu yenye cheti iwe na ripoti yake pembeni, kwa Kiswahili.

Nakala nilimpa mdogo wangu, akaipitisha kwa wenzake wa zamu. Sheria inataka kamati ya usalama panapokuwa na wafanyakazi 20 au zaidi, na wao ni zaidi ya 30. Kamati iliundwa wiki ile, karatasi ikawekwa mezani mbele ya meneja. Kufuli limetolewa, pamewekwa komeo linalovutwa kwa ndani. Mimi nimeandika barua ya pili, naomba ripoti za miaka 3 iliyopita za jengo lilelile. Ina muhuri wa Jumatatu.