Kumi moja imemwagwa

Nimesoma makala inayosema watoto wengi huku Mtwara wanaogopa Hisabati. Nafundisha darasa la pili Tandahimba, na naona hofu inaanzia kwenye kalamu nyekundu. Juzi mtoto aliandika 32 kutoa 17 ni 25, kwa kuwa alitoa 2 kwenye 7. Sikumwekea kosa. Nilimpa korosho 32 (zenye maganda, zikibanguliwa utomvu unaunguza): vifuu vitatu vya kumi kumi, na mbili pembeni. Alipofika kutoa saba akazitazama zile mbili, akanyamaza, kisha mwenyewe akamwaga kifuu kimoja. Zikabaki 15. Alivyofurahi! Wazazi, tafadhali msiseme mbele ya mtoto "huyu hesabu hana". Semeni hajaweza bado, halafu mwacheni azihesabu korosho zikianikwa.