Mkuku upite katikati

Wapigapicha wengi huichukulia lenzi ya jicho la samaki kama mchezo. Inavimbisha pua, inapinda maghorofa, watu wanacheka siku mbili, kisha inarudi kabatini. Kwangu hii ni lenzi yenye adabu zake, na aliyenifundisha adabu hizo ni fundi wa majahazi wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja.

Nilimkuta asubuhi, chombo kiko juu ya magogo, mataruma, yaani mbavu zake, yameshapigwa, mbao za ubavuni zimefika nusu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akaniruhusu niingie ndani ya chombo. Mle nafasi ni finyu. Lenzi ya kawaida ilinipa mataruma manne tu. Nikafunga ile ya milimita 15, inayoona nyuzi 180 kutoka pembe hadi pembe ya picha. Nikasimama ubavuni, nikapiga, nikamwonyesha.

Akaitazama muda mrefu. "Mbona mkuku umeupinda?"

Lilimuuma kweli. Mkuku, ile boriti ndefu ya chini, ndio uti wa mgongo wa chombo. Ukienda kombo, kila kinachojengwa juu yake kinakwenda kombo nao. Na mimi nilikuwa nimeulaza chini kabisa ya picha, pahali ambapo lenzi hii haina huruma. Mstari unaopita katikati kabisa hubaki umenyooka. Unaokaa kando hupinda, na kadiri unavyosogea ukingoni ndivyo unavyozidi.

Nikahamia tezi, yaani nyuma ya chombo, nikaelekea omo, mbele yake, nikachutama hadi mkuku ukaigawa picha pande mbili sawasawa. Ukanyooka kama uzi. Mataruma yakapanda kulia na kushoto, na kwa kuwa yamechongwa yakiwa na tao tangu mwanzo, tao la lenzi likamezwa ndani yake. Mzee akatikisa kichwa. "Hapo sawa."

Tangu siku ile, kabla ya kubonyeza najiuliza: hapa mkuku wangu ni upi? Kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe huwa ni mfereji wa katikati, au ule ufa wa mbingu baina ya mapaa. Ndani ya daladala ni ujia kati ya viti. Nikiukosa, naifungua lenzi naweka nyingine.

Ndiyo maana picha za harusi zinazopigwa kwa lenzi hii zinanisononesha. Bibi harusi katikati yuko salama, lakini shangazi aliyesimama pembeni anatoka amepinda mgongo, na picha hiyo ndiyo atakayobaki nayo. Mtu amevaa, amejipamba, amekuja kukumbukwa. Hatuna haki ya kumfanyia hivyo. Wengine huinyoosha baadaye kwa programu. Pembe zinakatwa, sura za pembeni zinatanuka. Kama ulitaka mistari iliyonyooka, lenzi pana za kawaida zipo.

Jina lenyewe lilitokana na kazi ya kisayansi. Mwaka 1906 mwanafizikia wa Marekani, Robert W. Wood, alijaza maji kwenye kamera ili aone samaki anavyoiona dunia akitazama juu: anga zima, upeo hadi upeo, limesongamana ndani ya duara la nyuzi kama 97, kwa sababu mwanga hupinda unapoingia majini. Miaka ya 1920 Robin Hill wa Uingereza akabuni lenzi ya kupiga picha za mawingu ya anga zima. Waliotangulia walitaka kuona kitu kizima kwa mara moja, na hilo ndilo ninalolitaka mimi nikiwa ndani ya jahazi.

Jambo la pili ni kusogea. Kitu kilicho hatua tatu mbele yako kitaonekana kiko ng'ambo. Fundi alipoanza kukalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, nilisogeza kamera hadi shibiri moja kutoka mikononi mwake. Pamba imelowa mafuta, kidole gumba kinaisindika kwenye upenyo wa mbao, patasi inangoja. Na nyuma ya vidole hivyo, chombo kizima, minazi na bahari. Nililipa kwa picha kadhaa zenye vidole vya miguu yangu na kivuli changu, maana lenzi hii haichagui cha kuacha.

Chombo kitashushwa bamvua ijayo, maji yatakapojaa sana. Nimeazima kasha la kamera lenye kioo cha kuba, na mzee amekubali nizame chini yake kikishaelea, niupige mkuku kutoka upande wa samaki.