Anayeuliza "Mungu alikuwa wapi Shakahola?" asijibiwe haraka

Mwaka 2023 makaburi yalipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, upande wa bara ya Malindi, ilitolewa miili zaidi ya 400, watu wazima kwa watoto. Walikuwa wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, na wengi walikufa kwa njaa, katika mfungo ulioitwa njia ya kumwona Yesu. Kwa hiyo kijana wa Malindi akisema hamwamini Mungu, usidhani ameokota maneno mitandaoni. Huenda anazungumzia msitu anaoujua na jirani aliyehama na wanawe asirudi.

Jibu linalotutoka upesi ni hili: "Wale hawakuwa Wakristo wa kweli." Naomba tuliache. Hata likiwa na ukweli, anayelisikia huona tunanawa mikono. Walioingia msituni walibeba Biblia hii hii tunayoibeba, na baadhi yao walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya makanisa ya kawaida kabla ya kuondoka. Sema badala yake: "Watu walikufa kwa jina tunalolihubiri, na inatuuma." Kisha nyamaza. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno, na huo ndio wema wao wote. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu.

Mji huu ulishawahi kuona mazungumzo ya namna hii yakienda kombo. Mwaka 1542 Fransisko Xaveri, mmisionari Mkatoliki, alipita Malindi akielekea India. Mkubwa mmoja wa Kiislamu alimweleza kwa masikitiko kwamba mji una misikiti 17 na watu huenda katika mitatu tu, akataka kujua kama kwa Wakristo nako ibada imepoa. Xaveri alimjibu kuwa Mungu hapendezwi na sala za wasioamini. Wakajadiliana, wakaachana kila mtu na lake. Yule mzee alileta huzuni, akarudishiwa hoja. Bado tunafanya hivyo.

Kosa kubwa ni kudhani shaka zote ni moja. Mmoja ameumizwa: mchungaji alimlia pesa, au mama yake alikatazwa dawa akaambiwa aombe. Mwingine amesoma, na swali lake ni swali kweli. Mwingine amechoka tu kuomba. Ukimpa aliyeumizwa hoja za uumbaji unamtonesha, na ukimpa msomi pole unamdharau. Utawatofautishaje? Muulize, "Ilianza lini?" Hiyo "lini" hutoa mengi kuliko "kwa nini", maana "kwa nini" humfanya mtu ajitetee. Akimaliza, mrudishie aliyoyasema kwa maneno yako mpaka akubali, "Eeh, hapo umenielewa." Kabla hajasema hivyo usijibu lolote. Na kama hujui jibu, sema hujui, taja siku utakayorudi, na siku hiyo urudi kweli.

Mahali nako kuna maana. Mketi wawili tu, barazani, kahawa chungu katikati, Biblia ibaki nyumbani. Akikuomba aya, utaisema kwa kichwa. Wakija wazee wa kanisa watano na mabuku makwapani, hicho ni kikao cha kesi, na kijana ataitika kila kitu ili waondoke. Usimwombee kwa jina kwenye kundi la WhatsApp. "Tumkumbuke ndugu yetu fulani, amepoa kiimani" ukiandika asubuhi, kufika magharibi mtaa mzima wa Maweni unajua, na mama yake anaulizwa sokoni. Mbaya kuliko yote ni kumwekea mikono kumkemea pepo wa shaka. Mtu aliyekuletea swali akiambiwa ana pepo, hatakuletea la pili.

Tusiwaone hawa kama vioja. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 755,000 wasio na dini, na kaunti yetu ya Kilifi ndiyo iliyoongoza. Ibara ya 32 ya Katiba, ya uhuru wa dhamiri na dini, inawalinda kama inavyotulinda sisi. Usimpunguzie mtu mshahara wala usimkatie mtoto karo ya kanisa kwa sababu ameacha kuja. Msaada wenye masharti hufundisha watu kudanganya.

Kwa aliye nusunusu Maandiko yana neno jepesi kuliko letu: "Wahurumieni wengine walio na shaka," asema Yuda. Baba aliyelia "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" aliponyewa mtoto wake papo hapo. Hakuambiwa akamalize shaka kwanza. Na Tomaso hutajwa kwa kutoamini kwake tu, huku wenzake wakisahauliwa. Aliwakatalia waziwazi, na baada ya siku nane alikuwa bado chumbani pamoja nao. Hawakumtoa. Yesu alimkuta pale kwa sababu walimwachia nafasi. Basi kijana wa kwaya mwenye shaka asivuliwe joho, na anayepiga ngoma aendelee kupiga, mradi mwenyewe anataka.

Akiacha kabisa, usipunguze chochote mlichokuwa nacho. Akifiwa, nenda ukachote maji na kutandika mikeka, na umwombe mhubiri asigeuze msiba kuwa mahubiri yake yeye. Kama kila Jumatatu ulikuwa ukimpelekea mahamri na mbaazi, mpelekee, mle pamoja, na habari ya Jumapili usiitaje mpaka aitaje yeye.