241,038: jibu sahihi, sababu mbovu

Majedwali mengi hutaja eneo la Uganda kuwa kilomita za mraba 241,038. Huko P6 na P7 (darasa la sita na la saba) bado tunawafanyisha watoto kuchambua 24, 36 na 60 kuwa zao la namba tasa, namba zisizomficha mtu kitu. Naona 241,038 ndiyo ingefaa ubaoni, kwani humnasa mwanafunzi palepale anapodhani amemaliza.

Mwanzo ni mwepesi. Ni shufwa, basi gawa kwa 2: unapata 120,519. Tarakimu zake zikijumlishwa ni 18, kwa hiyo 9 inaingia: 13,391. Hapo jumla ya tarakimu ni 17, kazi ya 3 imekwisha. Mwisho si 0 wala 5, basi 5 haimo. 7 inaingia, inabaki 1,913.

Hapa ndipo wengi hujaribu tena 2, 3, 5 na 7, wakaona hakuna inayoingia, wakapiga mstari na kuandika "tasa". Kweli 1,913 ni tasa, ila hoja hiyo haijathibitisha lolote. Chukua 1,909, pungufu kwa 4 tu. Nayo inakataa 2, 3, 5 na 7, kumbe ni 23 × 83. Mwalimu anayetia tiki kwa 1,913 bila kuuliza umejuaje anamwandaa mtoto aanguke kwenye 1,909.

Pa kusimama panaonyeshwa na kipeuo cha pili. 43 × 43 ni 1,849. 44 × 44 ni 1,936, imeshapita. Kama 1,913 ingekuwa zao la namba mbili, angalau moja isingezidi 43. Basi zimebaki tasa kumi za kujaribu: 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43. Zote zinaacha baki. Wapo pia wanaokosea upande wa pili, wakagawa na kugawa hadi kupita 900, jasho la bure.

Tumepata 2 × 3² × 7 × 1,913. Idadi ya vigawo hutokana na kuongeza 1 kwenye kila kipeo, kisha kuzidisha: 2 × 3 × 2 × 2 = 24. Anayesahau hiyo 1 hupata 1 × 2 × 1 × 1, yaani vigawo viwili, kana kwamba namba shufwa kubwa hivi ni tasa! Na kwa kuwa 2 imo mara moja tu, 4 haiingii: mikoa yetu minne isingegawana sawasawa bila nusu kilomita ya mraba kujitokeza.

Asitafute mtu siri ya ardhi humo. Eneo hilohilo kwa maili za mraba ni takriban 93,065, ambayo ni 5 × 7 × 2,659, yenye vigawo 8 tu. Ile 7 kuonekana kote ni sadfa. Na kwa 2,659 majaribio yanaishia 47, maana tasa inayofuata ni 53, na 53 × 53 ni 2,809.