Simu za Ofisi Kwenye Mtandao wa Data: Kasi Siyo Kipimo

Ofisi nyingi zilizohamisha simu zao kutoka kwenye nyaya za shaba na kuziweka kwenye mtandao wa kompyuta zimefikia hukumu moja: sauti inakatika, wazungumzaji wanaingiliana maneno, mara nyingine mmoja anasikia bila yeye kusikika, na kwa hiyo mtambo wa zamani ulikuwa bora. Malalamiko hayo ni ya kweli, ila lawama imemwangukia asiyehusika. Mara nyingi kinachoharibu mazungumzo si VoIP, yaani upitishaji wa sauti kwa itifaki ya intaneti, bali ni mtandao wa ofisi ulionunuliwa na kupangwa kwa kutazama kipimo kimoja tu, nacho ni kasi.

Hoja za wanaotetea shaba si za kubezwa. Mfumo wa zamani ulitenga njia kamili kwa kila mazungumzo tangu yanapoanza hadi simu inapokatwa. Mitambo ilipokuwa ya kidijitali, sauti iliyo kati ya hezi 300 na 3,400 ilipimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo kikaandikwa kwa biti 8, na hivyo kila simu ikapata kilobiti 64 kwa sekunde ambazo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuzigusa. Laini ya E1 iliyoingia kwenye PABX, ule mtambo unaounganisha simu za ndani ya taasisi na za nje, ilibeba njia 30 za namna hiyo. Mtu wa 31 aliambulia mlio wa kuwa laini zimejaa, lakini wale 30 waliotangulia hawakupunguziwa chochote. Foleni haikuwapo: ama ulipata nafasi nzima, ama hukupata kabisa.

Katika mtandao wa data sauti hukatwa vipande na kila kipande kikasafiri peke yake. Kwa kodeki (kanuni ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, ambayo haibani sauti kupita kiwango kilekile cha kilobiti 64, kwa kawaida kila milisekunde 20 za maneno huwa pakiti moja, kwa hiyo kila upande hutuma pakiti 50 kwa sekunde. Ndani ya kila pakiti mna baiti 160 za sauti na baiti 40 za vichwa vya IP, UDP na RTP, vinavyobeba anwani, namba ya mfuatano na saa. Ukijumlisha baiti 18 za Ethernet, simu moja hutumia kilobiti 87 hivi kwa sekunde. Kodeki ya G.729 hupunguza sauti hadi baiti 20 kwa pakiti, lakini vichwa hubaki baiti 40, ikawa gharama ya kuelekeza njia ni maradufu ya maneno yenyewe. Pamoja na ubadhirifu huo, simu 10 za G.711 kwa wakati mmoja hazifikii hata megabiti 1. Ofisi yenye megabiti 50 inapolalamika kuwa sauti inakatika, na muuzaji akaishauri inunue 100, imeuziwa dawa ya ugonjwa mwingine.

Ugonjwa wenyewe ni ucheleweshaji, na hapa kuna namba ambayo ingefaa kuandikwa juu ya kila mkataba wa simu: milisekunde 150. Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, ITU, katika pendekezo lake la G.114, unakitaja kiwango hicho kuwa ndicho ambacho chini yake, kwa safari ya upande mmoja, mazungumzo mengi hayaathiriki. Na unashauri kwamba mtandao usipangwe kwa namna itakayopita milisekunde 400. Tuitumie hiyo 150 kama bajeti. Kutengeneza pakiti kumekwishakula 20. Simu inayopokea huzihifadhi pakiti kidogo ili zile zilizowahi na zilizochelewa zitoke kwa mwendo sawa. Tuseme hapo zimekwenda 40. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo mtu aliye umbali wa kilomita 4,000 hugharimu 20 nyingine. Zimebaki 70, na hizo ndizo zinazopaswa kutosha ruta zote na foleni zote za njiani.

Sasa mtumishi mmoja anapakia faili kubwa. Ruta ya ofisi, au modemu iliyo mbele yake, ina hifadhi ya muda ambamo pakiti hungoja zamu ya kutoka. Hifadhi hiyo ikiwa ya kilobaiti 256 na njia ya kupakia ikiwa ya megabiti 5 kwa sekunde, foleni ikijaa huchukua zaidi ya milisekunde 400 kumalizika. Faili hilo moja limekula bajeti yote na kuvuka hata ule mpaka wa juu kabisa. Ongeza njia ya kupakia iwe megabiti 10: foleni iliyojaa sasa ni milisekunde 210, bado juu ya 150. Umelipia kasi maradufu na mazungumzo bado yanaingiliana, kwa sababu pakiti ndogo ya sauti imebanwa nyuma ya msururu wa malori ya data, na upana wa barabara mbele ya msururu huo hauisaidii kuyapita. Ni kweli kwamba kasi ikiongezeka faili humalizika mapema na foleni hudumu muda mfupi zaidi; lakini simu ya ofisi hudumu dakika kadhaa, na katika dakika hizo kuna nakala za akiba, barua pepe zenye viambatisho na kamera za ulinzi, zote zikipakia. Tena kasi inayotangazwa kwa herufi kubwa huwa ni ya kupakua, ilhali foleni hii iko upande wa kupakia, ambao mnunuzi hakuuliziwa wala hakuuliza.

Tiba yake inajulikana na si ghali. Simu hutengewa VLAN yake, yaani mtandao mdogo unaojitegemea ndani ya swichi zilezile. Pakiti za sauti hupewa alama ya kipaumbele, ambayo kwa desturi ni DSCP 46. Na ruta huagizwa kuzitoa hizo kwanza. Alama hiyo haina nguvu mara pakiti ikishaingia kwenye intaneti ya umma, na hilo hutajwa mara nyingi kama udhaifu mkubwa, lakini mahali penye msongamano mbaya mara nyingi ni pale pale mlangoni pa ofisi, ambapo alama ina nguvu zake zote. Kwa anayeshindwa kupanga vipaumbele kuna njia nyingine: mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha CoDel, utaratibu unaoangalia pakiti imekaa foleni kwa muda gani badala ya kuhesabu zilizomo, na toleo lake linalotenganisha mikondo liliandikwa katika waraka wa kiufundi wa intaneti, RFC 8290, mwaka 2018. Ruta nyingi zinaweza kuendesha programu hiyo. Kwa kuwa haionekani kwenye tangazo, haiulizwi dukani.

Tatizo la mtu kusikia bila kusikika lina chanzo kingine, nalo pia huandikwa kwenye deni la VoIP kwa makosa. SIP, itifaki inayoanzisha na kukata simu, hutaja ndani ya ujumbe wake anwani ambayo sauti itumwe. Ruta inayofanya NAT, ili kompyuta nyingi zitumie anwani moja ya nje, hubadilisha anwani iliyo kwenye kichwa cha pakiti na kuiacha ile ya ndani ya ujumbe, hivyo upande wa pili hutuma sauti kwenye anwani ya ndani, inayoanza na 192.168, isiyofikika kutoka nje. Ruta nyingi zina kipengele cha SIP ALG kinachojaribu kurekebisha jambo hilo, na mara nyingi ndicho kinachozidi kuliharibu. Mafundi wazoefu hukizima na kumwachia mtoa huduma kazi hiyo, afanye kwa vifaa vyake vya mpakani.

Hoja ya umeme ndiyo yenye mvuto zaidi kwa watetezi wa shaba. Laini ya kawaida ilipata volti 48 kutoka kwenye betri za kituo cha simu, kwa hiyo umeme ulipokatika simu iliendelea kuita. Kwa nyumba yenye laini moja, sifa hiyo ni ya haki. Kwa ofisi yenye PABX ilikuwa kweli nusu tu, maana PABX ilichomekwa kwenye umeme wa jengo. Ukikatika na betri hazipo, simu za mezani zilizimika, isipokuwa moja au mbili zilizounganishwa moja kwa moja na laini ya nje kwa ajili ya dharura kama hiyo. Leo simu za mezani hupata umeme kupitia kebo ya mtandao kwa kiwango cha 802.3af cha mwaka 2003, ambapo swichi hutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, na UPS (betri ya akiba) moja yenye nguvu ya kutosha inaweza kubeba swichi, ruta na sakafu nzima ya simu. Shaba inashinda kweli katika muda: betri za kituo zilitunzwa na watu wa kazi hiyo, ilhali UPS ya ofisi hugundulika imekufa siku inapohitajika.

Usalama wa maisha nao haukuwa mali ya mfumo wa zamani peke yake. Mwaka 2013, katika hoteli moja ya Texas, mtoto alijaribu kupiga 911, namba ya dharura, mama yake akiwa anashambuliwa, na simu haikutoka kwa sababu mtambo ulidai kwanza abonyeze 9 ya kupata laini ya nje. Marekani ilitunga Sheria ya Kari, yenye jina la mama huyo, kwa ajili hiyo, ikaanza kutumika Februari 2020, na inataka mitambo mipya ya simu iruhusu 911 kupigwa bila tarakimu ya kutangulia. Upungufu wa VoIP ni mwingine: simu inaweza kuhamishwa hadi jengo jingine na kuendelea kufanya kazi ikiwa na anwani ya zamani kwenye kumbukumbu za dharura. Huo ni upungufu mkubwa, unaodai kumbukumbu zisahihishwe kila simu inapohama.

Kuna urithi mmoja wa wahandisi wa shaba ambao wanunuzi wa sasa wameutupa bila sababu. Agner Krarup Erlang, Mdenmark, alichapisha mwaka 1917 kanuni ya kukadiria laini zinazohitajika. Watu 60, kila mmoja akizungumza dakika 3 katika saa yenye shughuli nyingi, hutoa mzigo wa erlangi 3 (erlangi moja ni laini moja inayotumika saa nzima), na laini 8 hutosha kufanya simu zinazokataliwa ziwe chini ya 1 katika 100. Kwa G.711, laini 8 ni chini ya kilobiti 700 kwa sekunde. Ofisi inayopiga hesabu hiyo kabla ya kununua itajua kiasi cha kutengea sauti, na itaona jinsi kilivyo kidogo.

Mjadala wenyewe una ukomo. Uingereza imepanga kuzima mtandao wake wa zamani wa simu ifikapo mwisho wa Januari 2027, na vinavyosumbua zaidi huko ni vitu vilivyosahaulika kwenye laini hizo: ving'ora, simu za ndani ya lifti, mashine za faksi. Swali linalobaki ni la mahali pa kuweka PABX. Ikiwa kwenye wingu, yaani kwenye seva za mtoa huduma, hakuna mashine ya kutunza, lakini intaneti ikikatika hata chumba cha jirani hakipigiki. Ikiwa ndani ya jengo, simu za ndani huendelea. Kwa ofisi yenye njia moja tu ya intaneti na fundi wake mwenyewe, naona ya ndani inafaa zaidi.

Vyovyote itakavyochaguliwa, kuna jaribio la dakika tano la kufanya kabla ya kutia saini: pima kwa ping, amri ya kompyuta inayotuma pakiti ndogo na kungoja jibu, muda wa kwenda na kurudi hadi kwa mtoa huduma wakati mtandao umetulia, kisha anza kupakia faili kubwa na upime tena. Muda huo ukipanda kutoka milisekunde 30 hadi 300, aitwe fundi wa ruta kwanza, kabla ya muuzaji wa megabiti.